Bonde la Msimbazi: "Hapa Nalima, Silali"

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike jambo la historia nililoliona kwa macho yangu, lisilo la kunakili vitabuni. Historia ya shule wapo wanaoijua kunishinda, na mimi sina haja ya kuwarudia. Nimeona afadhali nieleze habari za kinamasi kimoja kilichokuwa pembeni mwa mji wa Dar es Salaam, ambacho leo kimo katikati ya jiji, na jinsi sisi wenyewe tulivyokiharibu. Nasema "sisi" kwa makusudi, kwa sababu nami nimo, kama mtakavyoona mbele.

Kinamasi cha shuleni

Wenzangu tuliomaliza Hanga miaka ya sabini, siku zile tukihesabiwa wilaya ya Songea, mtakumbuka kazi za mikono za Jumamosi. Kila kidato kilikuwa na shamba lake. Chini ya bustani ya mboga palikuwa na mahali penye matete, udongo mweusi, na maji yasiyokauka hata mwezi wa Oktoba. Mwaka mmoja sisi wa kidato cha pili tulipata akili ya kufyeka matete yale ili tupande kabichi. Bruda msimamizi wa bustani alitukuta tumekwisha kufyeka kipande kama cha uwanja wa netiboli. Hakutupiga wala hakupaza sauti. Alitwambia turudishe mapanga stoo, kisha akasema kwamba matete yale ndiyo yanayolinda kisima cha jikoni, na anayetaka kabichi apande juu.

Tulinung'unika sana. Tuliona ardhi nzuri inalala bure. Neno hilo, "ardhi inalala bure", ndilo nililokwenda nalo Dar es Salaam mwaka 1979, na ndilo lililoniponza.

Siku hizi wataalamu huita mahali kama pale ardhi oevu. Mwaka 1971 mataifa yalikutana katika mji wa Ramsar, nchini Iran, yakaandika mkataba wa kulinda sehemu za namna hiyo. Tanzania ilijiunga mwaka 2000, na mpaka leo imeorodhesha maeneo manne: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa. Yote manne ni makubwa, nayo yako mbali na Dar es Salaam. Kinamasi kilichokuwa karibu kabisa na Ikulu na wizara hakimo katika orodha hiyo.

Mto wenyewe

Mto Msimbazi huanza katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe. Pugu ni jina linalojulikana kwa kila aliyesoma historia ya nchi yetu, maana Mwalimu Nyerere alikuwa akifundisha shule ya Pugu kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955 ili atumikie TANU. Misitu ya vilima hivyo ni mabaki ya misitu ya pwani ya kale. Humo bado yumo sange mwenye pua ndefu, mnyama mdogo ambaye wenyeji wengi wa jiji hawajapata kumwona. Misitu hiyo ilihifadhiwa tangu enzi za ukoloni, lakini ilikatwa sana kwa mkaa na kuni. Mwaka 2020 ilipandishwa hadhi ikawa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi.

Kutoka huko mto hushuka kiasi cha kilomita 35. Hupita Gongo la Mboto na Ukonga, ukafika Tabata na Vingunguti, kisha Kigogo, ukatokea Jangwani kati ya Kariakoo na Magomeni. Mwisho huingia katika mikoko ya Upanga, ukapita chini ya Daraja la Salender lililojengwa mwaka 1929, na kumwagika baharini.

Sehemu ya chini ni tambarare. Hapo maji hupunguza mwendo, hutandaa, hutua mchanga na taka, na kuzama ardhini. Hiyo ndiyo kazi ya kinamasi, kupokea maji mengi kwa wakati mmoja na kuyatoa kidogo kidogo. Isitoshe, mlango wa mto huu ni bahari. Siku za bamvua, maji ya bahari yakijaa, mto hauna pa kutokea. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, maji lazima yapate mahali pa kusubiri, na mahali pake ni Jangwani.

Tazameni basi ajabu ya jina lile. Pahali panapofurika kuliko pote jijini pamepewa jina lenye neno jangwa! Lakini mtu akipita pale Septemba haoni ajabu yoyote. Nilisimama Jangwani mwezi wa Septemba mwaka 1990, Papa Yohane Paulo wa Pili alipoadhimisha Misa mbele ya umati usiohesabika. Vumbi lilikuwa limetuingia mpaka kwenye soksi. Nani angeamini kwamba pale ni njia ya maji? Agosti 2015 vyama vikubwa vilizindulia kampeni zao pale pale, navyo vilikanyaga vumbi. Kiangazi humdanganya mtu. Kinamasi hukidhaniwa kuwa uwanja kwa miezi minane, kikakumbusha jina lake halisi kwa siku mbili.

Mpaka wa mji

Mji ulipokuwa mdogo, Msimbazi ulikuwa mpaka wake. Wajerumani, walioufanya Dar es Salaam kuwa makao makuu yao mwaka 1891, hawakuwa na sababu ya kujenga bondeni. Waingereza nao waliliacha bonde wazi. Upande wa huku palikuwa na Kariakoo na Ilala. Magomeni ilipojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili, ilijengwa juu, ng'ambo ya bonde. Kati yao palibaki mpunga, mchicha, matete na ndege. Hata mpira wetu umechukua majina hapo. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, mashabiki wake hujiita wana Jangwani. Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, ni Wekundu wa Msimbazi. Watani hawa wa jadi wanagombania kila kitu, lakini majina yao yametoka katika bonde moja.

Hesabu ya watu ya mwaka 1957 ilikuta mjini watu 128,742. Mwaka 1978 mkoa ulikuwa na watu 843,090. Mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Msomaji anaweza kujiuliza: watu hao wote wangelala wapi?

Wala si kweli kwamba hapakuwa na mpango. Mji ulipata mpango wake mkuu mwaka 1949, mwingine mwaka 1968, na wa tatu mwaka 1979. Huu wa mwisho uliyahesabu mabonde kuwa ardhi ya hatari, isiyofaa kujengwa nyumba za kuishi. Baadaye ikaja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, iliyokataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ramani zilikuwepo na sheria zilikuwepo. Bondeni kwenyewe hapakuwa na bruda wa kusema, "Rudisheni mapanga stoo."

Chokaa

Sasa nifike kwenye sehemu yangu.

Nilikuwa karani katika shirika moja la umma, nimepanga chumba Magomeni, mshahara haufiki tarehe 15. Mwaka 1986 nilipelekwa bondeni Kigogo kwa mzee mmoja wa Kizaramo aliyekuwa akilima mpunga na mchicha. Alikubali kunikatia kipande. Tuliandikishana kwa mjumbe wa nyumba kumi, mashahidi wanne, na soda. Tulipomaliza nilimwuliza, "Mzee, mbona wewe mwenyewe hukujenga hapa miaka yote hii?"

Akacheka. "Bwana mdogo, hapa mimi nalima, silali. Usiku narudi juu."

Mimi nilidhani ni maneno ya kizee. Nilileta kifusi malori sita, nikanyanyua kiwanja, nikajenga vyumba viwili na ukumbi. Jirani naye akaona kwangu kumenyanyuka na maji yanamwendea yeye; akaleta malori kumi. Wa tatu akaleta zaidi. Hivyo ndivyo kinamasi kinavyokufa. Hapakuwa na mtu mmoja mwenye nguvu aliyekiua. Kila mmoja wetu alimsukumia mwenzake maji, mpaka maji yakakosa pa kukaa.

Miaka kumi na moja sikuona neno. Ndipo zikaja mvua za El Niño za mwaka 1997 hadi 1998. Usiku mmoja maji yaliingia na kufika kwenye vizingiti vya madirisha. Tulitoa watoto kwa mabega. Yalipokauka, ukutani palibaki mstari wa kahawia, umenyooka kama uliopigwa kwa rula, kwenye vyumba vyote.

Nilinunua kiwanja Kimara, juu. Ile nyumba ya bondeni niliiuza Agosti 1999. Mnunuzi alikuwa fundi cherehani, mtu wa Lindi, mwenye mke na watoto wanne. Kabla hajaja kuiona, nilikuwa nimeipaka chokaa.

Ndugu zangu, nimeandika barua nyingi za kazi maishani mwangu, lakini sentensi hiyo moja imenichukua miaka kuiandika. Nilijua ninachokificha. Nilijiambia kwamba mvua kama zile haziji mara mbili, tena kwamba kila mtu bondeni anauza hivyo hivyo.

Maji yanaporudi

Tarehe 9 Desemba 2011 tulisherehekea miaka 50 ya uhuru. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 20, ikaanza mvua ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema mfano wake haukuonekana Dar es Salaam tangu mwaka 1954. Zaidi ya watu 40 walifariki. Maelfu walikosa makazi, na familia nyingi zilipelekwa Mabwepande, kaskazini mwa jiji, zikapewa viwanja.

Nilikwenda kumtafuta yule fundi katika shule moja walikohifadhiwa waathirika. Nilimkuta amekaa kwenye dawati, yeye na wote wa nyumbani kwake wazima. Walikuwa wamelala juu ya paa usiku kucha. Vyerehani vyake vitatu vilikwenda na maji. Nilimpa pole, akaitikia. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, bila hasira, "Kaka, ile chokaa uliipaka mpaka wapi?"

Nilimwonyesha kwa mkono, usawa wa kifua.

Nilimnunulia cherehani kimoja kabla hajahamia Mabwepande. Sisemi hayo nipate sifa, kwa sababu mwenye vitatu akirudishiwa kimoja bado anadai. Nasema ili wasomaji wajue kwamba hatari ya mahali haiondoki kwa kuuza nyumba. Hubadilisha mwenye nyumba tu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kishindo. Desemba 2015 na Januari 2016 nyumba za bondeni zilipigwa alama ya X nyekundu na nyingi zikabomolewa. Mwaka 2016 mabasi ya mwendo kasi yalianza kazi, na karakana yake ilikuwa pale pale Jangwani. Mafuriko yaliingia humo zaidi ya mara moja, na Barabara ya Morogoro ikafungwa mara nyingi kwa sababu ya maji. Wengi huwalaumu maskini kwa kujenga bondeni. Lakini mwenye ofisi, wahandisi na ramani naye alijenga humo humo. Kiangazi kilitudanganya sote.

Tusisahau pia taka. Kwa muda mrefu jiji lilitupa taka zake Tabata, upande wa bonde hilo. Wakazi wa Tabata, watu wa kawaida waliochoshwa na moshi na uvundo, walikwenda mahakamani, na mwaka 1988 Mahakama Kuu ikawapa haki. Ilikuwa hukumu kubwa, ambayo wanasheria huitaja mpaka leo, kwa maana ilisema mtu ana haki ya kuishi bila kutiliwa sumu hewani. Lakini taka hazikukoma. Zilihamia Kunduchi, kisha Vingunguti, ukingoni mwa Msimbazi ule ule, kisha Mtoni, na mwisho Pugu Kinyamwezi, upande wa vilima mto unakoanzia. Maji hufuata mkondo, na uchafu hufuata maji.

Wenzetu wamefanya nini

Mambo haya si ya Dar es Salaam peke yake. Kampala kinamasi cha Nakivubo kilikuwa kikichuja maji machafu ya mji kabla hayajafika Ziwa Viktoria, nacho kimeliwa na viwanda na mashamba. Lakini Uganda iliingiza Ghuba ya Lutembe, kati ya Kampala na Entebbe, katika orodha ya Ramsar mwaka 2006. Kolkata huko India, vinamasi vya mashariki mwa jiji hupokea maji machafu na kuyageuza kuwa mabwawa ya samaki na bustani za mboga. Navyo viliorodheshwa mwaka 2002. London walikwenda mbali zaidi. Walikuwa na mabwawa ya zege yasiyotumika tena mahali paitwapo Barnes. Wakayavunja, wakarudisha matete na ndege, na mwaka 2000 wakafungua hifadhi yenye hekta zaidi ya 40 ndani ya jiji. Watu hulipa kiingilio ili kuona kile tulichokifukia kwa kifusi!

Sisi nasi tumeanza. Mpango mpya wa bonde la Msimbazi ulitolewa mwaka 2019 baada ya wataalamu, viongozi na wakazi kukaa pamoja. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200. Makusudi yake ni kuinua daraja la Jangwani, kuupa mto nafasi yake, na kuligeuza bonde la chini kuwa bustani kubwa ya jiji, yenye sehemu zinazoruhusiwa kufurika. Mwaka 2024 waliolipwa fidia walianza kubomoa nyumba zao. Nilikwenda kutazama Kigogo. Nyumba yangu ya zamani ilikuwa imekwisha kuanguka siku nyingi. Pale palipokuwa ukumbi wangu palikuwa pameota matete.

Niliyaangalia kwa muda. Sikuwa na la kusema ila kwamba yule mzee na yule bruda, watu wawili ambao hawakupata kuonana, walinifundisha somo moja, mmoja nikiwa na miaka kumi na minne na mwingine nikiwa mtu mzima, na mara zote mbili nilinung'unika.

Kwa mlioko madarasani

Wadogo zangu, Dar es Salaam iko mbali nanyi, lakini habari hii si ya mbali. Mji wa Songea unakua. Milima ya Matogoro, unakoanzia mto Ruvuma, iko ukingoni mwa mji kama Pugu ilivyo ukingoni mwa Dar es Salaam. Chini yake mna mabonde yenye matete, na wapo watu wanaoyatazama mwezi wa Septemba na kusema, "Ardhi hii inalala bure." Mmoja wenu atakuwa afisa ardhi, mwingine diwani, mwingine karani mwenye mshahara usiofika tarehe 15 kama mimi. Wote mtaulizwa swali lile lile, na wengi mtaulizwa wakati wa kiangazi.

Nawaomba mambo mawili. La kwanza, kabla hamjanunua, kupima au kugawa kiwanja bondeni, mtafuteni anayelima pale mumwulize analala wapi. La pili, ikiwa mmekwisha kukosea, msipake chokaa. Semeni maji yalifika wapi. Mwenzenu mnayemwambia ukweli huo anaweza kuudhika siku ile moja, lakini hatalala juu ya paa na watoto wake.

Na kama yale matete ya chini ya bustani bado yapo, msalimieni anayeyatunza. Mwambieni yupo mzee mmoja wa miaka ya sabini aliyekuwa anataka kupanda kabichi pale, na kwamba sasa ameelewa.